Injini ya chuma, injini ya alumini

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa gereji moja hapa Morogoro. Kuna jamaa kaipandisha IST yake Mgeta, maji ya rejeta yakaisha kwenye milima ya Uluguru, naye akakazana tu. Fundi alipoifungua akatikisa kichwa. Bloku imekwisha.

Pembeni ilikuwepo Land Rover ya zamani. Injini yake ya petroli, ile ya lita 2.25 iliyoanza mwaka 1958, ina bloku na silinda hedi za chuma cha kusubu. Silinda ikilika inachongwa, inawekwa pistoni kubwa kidogo, gari linarudi mlimani. Ikichongwa mpaka basi, inavishwa silivu mpya. Mtu anaweza kumrithisha mwanawe injini hiyo hiyo.

Toyota nao walikuwa huko huko. Corolla 110, tuliyoipanda sana kama teksi, bloku ya injini yake ya 5A ni ya chuma. IST ilipotoka mwaka 2002 ikaja na NZ ya alumini, ndani ya silinda kuna ganda jembamba la chuma ambalo kiwanda chenyewe kinasema halichongwi.

Sisemi alumini ni mbovu. Ni nyepesi mno, inapitisha joto haraka, na wepesi huo unasaidia kubana mafuta (nani hapendi?). Ila ikichemka hujipinda upesi, na kuichomelea kunataka gesi ya agoni na fundi anayeijua.

Jamaa akashauriwa atafute injini nzima ya mtumba kutoka Japani. Akauliza bei. Akatajiwa. Akaomba maji ya kunywa.