Unaenda Chuo Ukitoka Kitengela Kila Siku? Soma Hii Kuhusu Klabu Kabla Semesta Iishe

Nianze na aibu yangu ndio tuelewane. Niliingia chuo nikiwa bado naishi kwa mathe, Kitengela. Ratiba yangu ilikuwa darasa, mat, nyumbani. Saa kumi jioni nilikuwa nishafika steji, juu ukichelewa kidogo Mombasa Road inakufungia Mlolongo na nauli inapanda. Klabu nilikuwa naziona tu kwa mabango, zimebandikwa ukuta wa mesi. Mwaka wa pili karo ikakwama. Nikakaa nyumbani wiki mbili, ikawa mwezi, ikawa basi. Unajua nani alinipigia simu? Kiongozi wa darasa peke yake. Alikuwa anadai soo moja ya kufotokopi noti.

Kuna msee wa mtaa wetu tuliingia naye mwaka mmoja, naye karo ikamkwamia vile vile. Tofauti ni moja, alikuwa klabu ya maigizo. Alikosa mazoezi mara mbili tu na wasee wakaanza kumtafuta. Mlezi wa klabu, ambaye ni mhadhiri, alimshika mkono akampeleka ofisi ya fedha, wakapanga alipe kidogo kidogo. Msee alivaa joho. Mimi nakuandikia hii.

Kwa hivyo ukiambiwa klabu ni ya kujaza CV, jua hiyo ni nusu ya stori. Chuo kina maelfu ya watu na hakuna anayehesabu kama umekuja. Klabu ya watu ishirini inakuhesabu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mafresha huchanganya. Chama cha wanafunzi ni kile cha siasa: unakuwa memba ukishasajiliwa, na tangu sheria ya vyuo ibadilishwe 2016, viongozi wake huchaguliwa na wajumbe, si kila komredi kupiga kura moja kwa moja kama zamani. Klabu ni hiari. Unaingia juu unapenda kitu: raga, mdahalo, uigizaji, kodi za kompyuta, Msalaba Mwekundu, dini, mazingira.

Na usidharau. Mean Machine, timu ya raga ya wanafunzi wa University of Nairobi, ilianza 1977 na mwaka huo huo ikabeba Kenya Cup mbele ya klabu za watu wazima wenye kazi na magari. Redykyulass, wale jamaa watatu waliofanya Kenya nzima imcheke Moi akiwa bado Ikulu, walikuwa wanafunzi wa Kenyatta University walipoanza kuigiza pamoja. Mmoja wao, John Kiarie, leo unamjua kama mbunge wa Dagoretti South. Hakuna mtihani uliowakutanisha.

Sisi wa huku hatuna kisingizio cha umbali kama tunavyosema. KCA ina kampasi hapa hapa Kitengela. Daystar ya Athi River iko upande wa pili wa mpaka wa kaunti, na wanafunzi wake wana redio, Shine FM, pa kujifunzia kuongea kwa maiki. Africa Nazarene iko upande wa Rongai. Umma University iko Kajiado kwenyewe, ukifuata barabara ya Namanga.

Sasa klabu ambayo mimi ningeingia leo nikirudishiwa ile miaka: ya wanyamapori. Najua unacheka. Lakini Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa 1968 na wanafunzi wenyewe, makao yake yako Lang'ata, na ina klabu kuanzia shule za msingi mpaka vyuo. Halafu angalia unapoishi. Nairobi National Park ipo tangu 1946 na upande wake wa kusini, kule Mto Mbagathi, haukuzungushiwa ua kama upande wa jiji. Nyumbu na pundamilia walikuwa wanatokea hapo kwenda nyanda za Athi-Kapiti, na njia yao ndiyo sisi tumegawa ploti hamsini kwa mia. Kuanzia 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua. Linganisha hiyo na bei ya ploti Kitengela, utaelewa kwa nini ua zinazidi.

Kwa klabu kama hiyo, wewe wa Kitengela si mgeni. Mwanafunzi wa Lavington atakuja na kamera nzuri. Wewe unajua boma la nani liliingiliwa na simba, na mzee gani lazima asalimiwe kabla mtu hajakanyaga shamba lake. Richard Turere, kijana wa upande huu huu, alitengeneza taa za kuwaka na kuzima za kufukuza simba akiwa bado mtoto, na 2013 alisimama jukwaa la TED akaieleza dunia. Hakungoja mtu wa mbali aje amfundishe habari ya simba wa kwao.

Kujiunga si hesabu ngumu. Wiki ya kwanza ya mafresha kila klabu huweka meza. Usiandike namba kwa meza kumi. Utaishia na magrupu kumi ya WhatsApp ambayo umeyanyamazisha. Chagua mbili. Uliza wanakutana siku gani, saa ngapi, mlezi ni nani, na ada inalipwa wapi. Kama ulikosa hiyo wiki, nenda tu mkutano wowote ukae nyuma. Hakuna anayefukuzwa. Orodha ya klabu zilizosajiliwa iko ofisi ya masuala ya wanafunzi, na kama unayoitaka haipo, waulize wanachohitaji ili uisajili: kwa kawaida ni katiba fupi, viongozi, majina ya memba na mhadhiri wa kuwa mlezi.

Shida yetu sisi wa kulala nyumbani ni saa. Mikutano mingi ni kuanzia saa kumi na moja jioni, wakati roho yako iko steji. Vikundi vya dini mara nyingi hukutana saa ya lunchi, na za mazingira hupenda Jumamosi, anza na hizo. Ama toa siku moja kwa wiki, useme Jumatano nachelewa, na nauli ya hiyo siku uiweke kando tangu Jumatatu. Tafuta wengine wa njia yako. Mkiwa wanne mnapanda mat moja saa mbili usiku na kushuka pamoja, na kwa madem hili si jambo dogo, usilichukulie kama utani. Pia kuna kazi za klabu zinazofanyika ukiwa nyumbani, kama kuchora mabango, kushughulikia ukurasa wa Instagram, au kuweka hesabu.

Kuhusu hesabu, ada ikilipwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi bila risiti, shika doo yako. Na kuna hizi "klabu za uwekezaji" ambazo fresha anaambiwa alipe ngiri tano ajifunze biashara ya sarafu mtandaoni, halafu alete marafiki watatu. Hiyo si klabu. Hao marafiki watatu ndio biashara yenyewe. Nenda ile ofisi uulize kama imesajiliwa, uone vile sauti itabadilika. Mwaka wa kura pia jichunge, kuna klabu huzaliwa ghafla zikiwa na tisheti tayari.

Na wale mnasema mat zitaisha: za Kite saa mbili usiku bado ziko. Mimi ndio hupanda hizo sahii nikitoka kazi.