Stima ya Mto Tana na Plagi ya Musafiri

Musafiri atokaye Mombasa kwenda Lamu, basi lisimamapo Garsen naye akashuka huku miguu imemfa ganzi na joto la bonde limemlegeza mwili, aghalabu hudhaniwa kuwa haja yake ya kwanza ni maji ya kunawa uso na kikombe cha chai. Lakini mimi nimeketi mara nyingi katika hoteli za mji ule, nami nimeona kwamba swali ambalo abiria wa leo humwuliza mwenye hoteli, hata kabla hajavuta kiti, ni kama kuna mahali pa kuchaji simu. Swali hilo lina tarikhi ndefu kuliko wadhanivyo waulizao, na sehemu kubwa ya tarikhi hiyo imepita katika mto uliopo hapo jirani.

Katika Kiswahili cha pwani neno stima asili yake ni merikebu ya moshi, na katika Kenya neno hilo hilo likahama, likawa ndilo jina la umeme, nadhani kwa sababu umeme wa mwanzo ulitoka katika mitambo ya mvuke iliyonguruma kama chombo cha baharini. Mto Tana umezijua stima zote mbili. Mwaka wa 1891, katika zama za Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, Kamanda F. G. Dundas alipanda mto huu kwa stima ndogo iliyoitwa Kenia. Lakini wenye mto walikuwa Wapokomo na mitumbwi yao ya gogo moja, ambao tangu zamani walishuka na mpunga na ndizi kuelekea pwani na kurudi na bidhaa za madukani. Na katika karne ya kumi na tisa, siku za masultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni uliouunganisha Tana na mto Ozi, hata mitumbwi ikaweza kufika Kipini bila kukabili mawimbi ya mlango wa mto.

Mgeni aliyefika ukingoni, awe mfanyabiashara, mmisionari wa Ngao au Golbanti, au mchungaji wa Kiorma aliyekuwa na ng'ombe wake, alimhitaji mvushaji. Hata magari yalipokuja hali haikubadilika sana, kwani kabla ya daraja palikuwa na pantoni pale Garsen iliyovutwa kwa mikono ya watu, na lori lililowahi kufika lilisubiri zamu yake, na lililofika wakati wa gharika lilisubiri mpaka mto uridhike. Mvushaji hakuwa na mamlaka juu ya mto: hakuupunguza kina chake, wala hakuyatuliza maji, kazi yake ilikuwa kuujua ulivyo, kumwambia musafiri ukweli wake, na kumfikisha ng'ambo salama. Naomba msomaji aikumbuke kazi hiyo, maana nitairudia.

Stima ya pili, yaani umeme, ilizaliwa katika mto huu huu, ila mbali sana na Garsen. Huko juu lilijengwa bwawa la Kindaruma likaanza kazi mwaka wa 1968, likafuatiwa na Kamburu mwaka wa 1974, Gitaru mwaka wa 1978, Masinga mwaka wa 1981 na Kiambere mwaka wa 1988, na kwa miaka mingi mabwawa hayo yakawa ndiyo tegemeo kubwa la umeme wa nchi nzima. Nyaya zikaenda Nairobi na miji mingine; maji, baada ya kuizungusha mitambo, yakateremka Garissa, Hola na Garsen yakiwa maji matupu, na mafuriko madogo ya majira, ambayo mkulima wa mpunga huku chini aliyategemea yamrutubishie shamba, yakapungua. Sisemi haya kwa kinyongo. Nasema kwa kuwa ni dhuluma isiyoandikwa mara nyingi, kwamba watu wa Tana ya chini waliutoa mto wao uwashe taa za wenzao, nao wakabaki na koroboi kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo simu za mkononi zilipoenea, Garsen na vijiji vyake vilijitafutia hila. Nakumbuka duka moja la mabati lenye paneli ya jua juu ya paa na betri ya gari chini ya meza, na juu ya meza ubao uliopigiliwa soketi mbalimbali, na simu zimepangwa juu yake kama samaki sokoni, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Wengi wa waliongoja pale walikuwa abiria, kwa maana katika miaka ya uharamia wa barabarani mabasi ya Lamu yalilazimika kusubiri askari wa kuyasindikiza, na mtu akapata wasaa wa kutosha kuijaza simu yake. Kijana mwenye duka alikuwa na droo ya chaja za kila namna, naye akiitazama tu simu alijua ni ipi iingiayo. Alikuwa mvushaji kwa kila maana ya neno hilo.

Takriban mwaka wa 2015 ndipo njia kuu ya umeme ya volti 220,000, itokayo Rabai na kupitia Malindi na Garsen, ilipofika Lamu, ambako kabla ya hapo taa ziliwashwa kwa mitambo ya dizeli. Tangu hapo musafiri wa Garsen hakosi umeme kwa kuwa haupo. Aghalabu hukosa kwa kuwa plagi yake haiingii.

Plagi yetu ya pini tatu bapa tuliirithi kwa Waingereza, nao waliipanga walipokuwa katika vita kuu ya pili, walipofikiria namna ya kuzijenga upya nyumba zao ilhali shaba ni adimu. Kanuni yake ikatolewa mwaka wa 1947. Katika kamati iliyotayarisha shauri hilo alikuwamo mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi aliyeshughulika sana na usalama wa umeme nyumbani, na usalama wa watoto ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa. Ndiyo maana pini ya juu, ile ya waya wa ardhi, ni ndefu kuliko wenzake: hutangulia kuingia, ikavisukuma vifuniko vya ndani vinavyoyaziba matundu mawili ya chini, na ndani ya plagi yenyewe mna fyuzi. Mwenye plagi hii aendapo Uganda, Unguja au Maskati hana shaka. Lakini Muhabeshi, Msomali, Mkongo, Mjerumani na Mtaliano wa Malindi huja na pini za mviringo, na simu nyingi zinunuliwazo ng'ambo huja na pini mbili tu. Wataalamu wa mataifa walijaribu kuisawazisha dunia kwa kanuni moja mwaka wa 1986, na Brazil na Afrika Kusini zikaifuata kwa namna zao. Walio wengi walibaki na walichokizoea, na leo aina za plagi duniani zapata kumi na tano.

Nimemwona abiria pale Garsen akichukua bomba la kalamu, akalisukuma katika tundu la juu mpaka vifuniko vikafunguka, kisha akazishindilia pini zake mbili za mviringo mpaka cheche zikaruka na soketi ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Hila hiyo inajulikana Kenya nzima, na kila aitumiaye huondoa kwa kalamu ulinzi uliofikiriwa kwa miaka. Anachokitaka musafiri ni kidogo: kitu kinachoenea mfukoni, kinachoingia kila ukuta, kisicholegea wala kupata moto. Baadhi ya adapta za bei nafuu zimwitikiazo kwa jina la kufaa dunia nzima hazina njia ya waya wa ardhi wala fyuzi, nazo humvusha kama mtumbwi uliotoboka. Na hata iliyo bora haibadilishi volti, kama vile mvushaji asivyobadilisha mto: umeme wetu ni volti 240, na kikausha nywele cha Marekani, kilichotengenezwa kwa volti 120, huungua hapa kwa adapta nzuri kama kiunguavyo kwa mbaya.

Basi, ndugu msomaji, ukishuka Garsen na plagi yako ikakataa, iache kalamu mfukoni. Mwombe mwenye duka adapta yenye pini tatu na fyuzi, na kabla ya kuchomeka igeuze chaja yako uyasome maandishi madogo ya mgongoni: ikiwa yasema 100 hadi 240, chomeka bila hofu, ikiwa yasema 120 peke yake, usichomeke.