Geraldo Pino, James Brown na Kuzaliwa kwa Muziki wa Fela Kuti

Historia ya afrobeat, yaani muziki wa Lagos uliochanganya highlife ya Afrika Magharibi, jazi, funk na midundo ya Kiyoruba, kwa kawaida husimuliwa kama habari ya watu wawili, James Brown wa Marekani na Fela Kuti wa Nigeria, kana kwamba sauti ya yule wa kwanza ilivuka bahari ya Atlantiki yenyewe, bila mchukuzi. Mchukuzi alikuwapo. Geraldo Pino wa Freetown, Sierra Leone, pamoja na kundi lake la Heartbeats, alizunguka Liberia, Ghana na Nigeria katika miaka ya 1960 akipiga soul, muziki wa Wamarekani weusi uliochipuka katika uimbaji wa kanisani ukahamia kwenye mambo ya mapenzi na ya dunia, na ni kwa mkono wake kwamba vijana wengi wa Lagos waliuona kwa mara ya kwanza ukipigwa jukwaani mbele ya macho yao.

Alichokibeba Pino kilikuwa kitu kipya hata huko kilikotoka. Katika nyimbo kama "Papa's Got a Brand New Bag" ya mwaka 1965 na "Cold Sweat" ya mwaka 1967, Brown aliuhamisha uzito wa mdundo, ambao katika muziki wa dansi wa Marekani ulizoea kuangukia pigo la pili na la nne, akauweka kwenye pigo la kwanza, kisha akavifanya vyombo vyote vitumike kama ngoma. Mpiga gitaa wake, Jimmy Nolen, alizibana nyuzi nusu na kuziachia papo hapo, hata mlio wake ukakatika kama wa kayamba, huku tarumbeta na saksafoni zikipuliza vipande vifupi badala ya kuufuata wimbo. Hii ndiyo funk: muziki ambao mwendo wake hutokana zaidi na kupishana kwa midundo kuliko kubadilika kwa sauti.

Fela, aliyerejea Nigeria mwaka 1963 baada ya kusoma muziki katika Trinity College of Music, London, alikuwa wakati huo akiliongoza kundi la Koola Lobitos, ambalo highlife yake iliyosheheni jazi ilisifiwa na wajuzi lakini haikuwavuta wachezaji. Pino alipofika Lagos na vyombo vizuri vya kukuza sauti, watu walimfuata, na Fela alikiri baadaye, katika kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Carlos Moore na kutolewa mwaka 1982, kwamba ujio ule ulimtikisa vibaya. Jambo la kuheshimiwa ni kwamba hakukimbilia kuiga. Ilipita miaka kadhaa, pamoja na safari ya Marekani ya mwaka 1969, ambako Mmarekani mweusi Sandra Smith alimfungua macho kuhusu harakati za watu weusi, kabla hajatoa "Jeun Ko Ku" mwaka 1971, wimbo uliompa Lagos yote.

Kutoka kwa Brown alichukua kanuni ya kila chombo kuwa ngoma, lakini aliukataa ufupi: nyimbo za Brown zilibanwa katika dakika chache au kukatwa sehemu mbili ili zienee kwenye santuri ndogo, ilhali wimbo wa Fela uliweza kujaza upande mzima wa santuri kubwa, vyombo vikizungumza kwa muda mrefu kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Tofauti kubwa zaidi iko kwa Tony Allen, mpiga dramu wa Fela, aliyejifunza kwa Wamarekani wa jazi kama Max Roach matumizi ya toazi pacha la kukanyagwa kwa mguu. Yeye hakulipigilia pigo la kwanza kama msumari, bali aliitawanya ngoma kubwa katikati ya mapigo, hata mdundo ukaenda mbele bila kukaza.

Brown alipozuru Lagos mwaka 1970, wanamuziki wake, akiwamo kijana mpiga besi Bootsy Collins, walikwenda kumsikiliza Fela wakastaajabu, na Allen alisimulia kwamba mpangaji muziki wa Brown alikaa akizitazama na kuziandika nyendo za mikono na miguu yake. Brown mwenyewe aliandika mwaka 1986 kwamba baadhi ya mawazo ambayo bendi yake iliyapata kule yalikuwa yametoka kwake tangu mwanzo, wala hilo halikumuudhi. Pino hakutajwa katika mabadilishano hayo. Aliendelea kurekodi katika miaka ya 1970, na katika "Heavy Heavy Heavy" yeye aliyewaletea Wanigeria soul anasikika akipiga funk yenye ngoma za Kiafrika.