Kibanio cha bibi: historia ya macho ya Ugogo

Ukitoka Dodoma mjini kushika barabara ya Singida, Kizota inakupokea kwa maghala. Hapa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hutunza sehemu ya mahindi ya nchi, na hapa upo ukumbi uliokuwa ukijaa wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM, ukiwemo ule wa 2012. Kiangazi kikikolea, upepo huinua vumbi na kila mtu hutembea amefinya macho. Mgeni huona ni kero ya msimu. Kwa mwenyeji aliyekula chumvi nyingi, jicho linalowasha lina historia, na historia hiyo naijua kuanzia kwenye pindo la khanga.

Katika pindo hilo bibi yangu alifunga hela zake, na pamoja na hela, kibanio kidogo cha chuma. Kila baada ya wiki mbili tatu alimwita mjukuu mwenye macho makali, akakaa kwenye kigoda, akainua uso kuelekea juani, na mjukuu akang'oa kope moja moja. Kope zake zilikuwa zimegeukia ndani. Kila alipopepesa zilikwangua kioo cha jicho, kama mtu anayefuta dirisha kwa mchanga. Sisi watoto tulidhani ni jambo la uzee tu, kama mvi.

Haukuwa uzee. Ulikuwa ugonjwa wa vikope, ambao wataalamu huuita trakoma, na bibi aliuchukua alipokuwa na umri wetu. Bakteria wake hukaa kwenye macho ya watoto wadogo, kisha husafiri kwa vidole, kwa ncha ya khanga inayofuta nyuso tano, na kwa miguu ya nzi wanaofuata tongotongo na kamasi. Kuugua mara moja hakupofui. Hatari ni kuugua tena na tena kwa miaka, hadi upande wa ndani wa kope ujae makovu, makovu yajikunje, na kope zigeuke. Ndiyo maana wanawake hupofuka zaidi kwa vikope kuliko wanaume: wao ndio wanaolala na watoto, na wanaowabeba.

Huduma ya kwanza kubwa kwa wasioona katika nchi hii ya kati haikuwa tiba. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona pale Buigiri, mashariki ya Dodoma, ya kwanza ya aina yake Tanganyika. Ilikuwa kazi njema, lakini ukiitazama kwa jicho la leo inakuambia kitu kuhusu nyakati zile: upofu ulihesabiwa kuwa jambo lililokwisha kutokea, linalobaki ni kumfundisha mtoto kusoma kwa vidole.

Swali la kwa nini watoto walikuwa wakipofuka lilifuatiliwa kwa bidii Mvumi, kusini-mashariki ya mji, katika hospitali ya misheni ya Dayosisi ya Central Tanganyika. Mwaka 1975 alifika huko daktari kijana Mwingereza, Allen Foster, akakaa takriban miaka 10. Baadaye alikuja kuwa jina kubwa la tiba ya macho duniani, lakini mengi aliyoyafundisha London aliyaona kwanza kwa wagonjwa wa Tanzania. Mwaka 1987, yeye na Mmarekani Alfred Sommer walichapisha uchunguzi wa watoto 130 wa Kitanzania waliokuwa na vidonda kwenye kioo cha jicho. Zaidi ya theluthi moja ya vidonda vile vilihusiana na surua ya karibuni. Sababu nyingine kuu zilikuwa virusi vya malengelenge, dawa za kienyeji zilizotiwa machoni, na ukosefu wa vitamini A. Huo wa mwisho ndio ulioongoza kwa kuharibu macho yote mawili kwa pamoja.

Surua na lishe, basi. Mtoto aliyekula ugali na mlenda kidogo, akashikwa na surua, akaishiwa akiba ya vitamini A mwilini, aliweza kupoteza macho yote kwa siku chache. Mpango wa taifa wa chanjo ulikuwa umeanza 1975, mwaka uleule wa Foster kufika Mvumi, na baadaye yakaja matone ya vitamini A tunayowapeleka watoto kupewa kliniki. Sindano ya surua huchomwa mkononi, kwa hiyo hakuna anayeikumbuka kama dawa ya macho. Nadhani imeokoa macho mengi ya Ugogo kuliko kisu chochote.

Kuhusu dawa za kienyeji, sina haja ya kuwacheka waganga. Hospitali ilikuwa mwendo wa siku nzima, na utomvu wa majani ulikuwa nyuma ya nyumba. Tena leo, mjini, wapo wanaonunua duka la dawa matone yenye steroidi bila cheti, kwa sababu jirani alisema yanatuliza mwasho. Yanatuliza kweli. Yakitumika kwa muda mrefu bila kusimamiwa huleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Vikope navyo vilipata wachunguzi wake Kongwa. Jina hilo msomaji wa historia analijua kwa karanga: mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapo mradi mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta, na kufikia 1951 ulikuwa umekufa, ukame ukiwa miongoni mwa waliouzika. Miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, Sheila West akiwa mmoja wao, walikuja nchi hiyohiyo kavu wakishirikiana na Watanzania. Swali lao lilionekana dogo hadi la kuchekesha: kwa nini nyuso za watoto hazioshwi?

Jibu la haraka lilikuwa maji, na maji kweli yalikuwa mbali. Lakini walipokaa na akina mama na kuuliza, mambo yalijipinda. Akina mama wengi waliamini kuosha uso wa mtoto kunahitaji maji mengi kuliko yanavyohitajika hasa. Tena maji ya nyumbani hayakuwa ya mama peke yake kuyapangia. Matumizi yake na muda wa mama vilikuwa mambo ya kaya nzima, baba akiwemo. Kumhubiria mama peke yake usafi kulikuwa sawa na kumlaumu mbeba ndoo kwa ukame.

Wakabadili njia, wakazungumza na kijiji kizima. Matokeo yalichapishwa 1995 katika jarida la Lancet. Vijiji 6 vya Kongwa vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini, na 3 kati ya hivyo vikaongezewa kampeni ya kuosha nyuso. Katika vijiji hivyo vitatu watoto wengi zaidi walikutwa na nyuso safi, na vikope vikali vilipungua. Leo Shirika la Afya Duniani linapopambana na vikope linataja mambo manne pamoja: upasuaji wa kope, dawa, uso safi na mazingira safi. Hilo la tatu lina deni kwa mabeseni ya Kongwa.

Dawa yenyewe ilibadilika pia. Tetrasaiklini ilipakwa machoni mara mbili kwa siku kwa wiki 6, na mzazi yeyote aliyewahi kumshika mtoto anayepaliwa kwa kilio anajua wiki 6 ni nini. Kisha ikaja azithromaisini, ya kumeza mara moja. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer na mfuko wa Edna McConnell Clark walianzisha mpango wa kuigawa bure, na Tanzania ikawa katika nchi 5 za mwanzo. Vijijini ikapata jina la kingatiba: watu wanapanga foleni, wanapimwa urefu kwa kijiti, wanakunywa. Oman ilitangazwa kuwa imevimaliza vikope 2012, jirani zetu Malawi 2022. Tanzania haijapata cheti hicho.

Mtoto wa jicho ana hadithi fupi zaidi. Zamani daktari alitoa lenzi iliyopata ukungu na kumrudisha mgonjwa kijijini na miwani minene kama kitako cha chupa. Ikivunjika, upofu unarudi. Daktari Harold Ridley alipandikiza lenzi bandia ndani ya jicho London mwaka 1949, lakini kwa miaka mingi lenzi hizo hazikuwa za bei ya mkulima. Kilichofungua mlango ni kiwanda cha Madurai, India, kilichoanza 1992 kutengeneza lenzi za bei nafuu. Siku hizi tundu la upasuaji ni dogo, mara nyingi halishonwi, na kesho yake bandeji inafunguliwa.

Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia 2016, mji ulikuwa tayari na Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyoanza kazi 2015. Mji mpya una watu wa ofisini, sukari ya damu na presha, kwa hiyo foleni ya macho nayo imebadilika sura. Presha ya macho huua mshipa wa kuona polepole bila kuuma, na kilichopotea hakirudi. Kisukari hupasua vimishipa nyuma ya jicho. Vyote viwili hukamatwa kwa kupimwa kabla ya kulalamika, jambo ambalo bibi yangu angeliona la ajabu: kwenda hospitali huku unaona.

Kongwa ilituachia pia somo moja ambalo halina kidonda wala kisu. Utafiti uliochapishwa 2006 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na kuendelea hawaoni vizuri vya karibu, na wenye miwani walikuwa wachache sana. Mtu angesema hao hawasomi magazeti, miwani ya nini? Wenyewe walitaja kupepeta nafaka, kuchambua mchele, kuwavalisha watoto, kurekebisha taa.

Kizota, ng'ambo ya barabara kutoka yalipo maghala, mama anachambua maharage kwenye ungo. Anausogeza mbali na uso, mkono umenyooka kabisa, kisha anamwita binti amtolee mawe.