Msokoto wa Pili

Anayepota kamba ya nyavu pale Mbamba Bay anajua kwamba kamba iliyopotwa kupita kiasi hujikunja na kujizungushia yenyewe. Ipunguzie mapote huku ncha zake zimeshikwa, nayo itajizungusha vilevile, ila kwa upande wa pili. Jambo hilohilo huipata DNA ya bakteria.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, zikikamilisha mzunguko mmoja kwa takriban kila jozi 10.5 za besi. Huo ni msokoto wa kwanza. Zikishajisokota tena zote kwa pamoja, tuuiteje? “Msokoto wa ziada” hupotosha, kwa sababu ndani ya bakteria wengi DNA imepunguziwa mizunguko, haikuongezewa. Mimi nachagua “msokoto wa pili”, kisha tutaje mwelekeo: wa kukaza au wa kufungua.

Bakteria huhitaji ule wa kufungua. DNA ya Escherichia coli, yenye jozi zipatazo milioni 4.6, ingenyooshwa ingefika milimita 1.5 hivi, na seli yenyewe ina urefu wa kama sehemu mbili tu kati ya elfu za milimita. Msokoto huu huifinyanga ienee humo, tena hurahisisha nyuzi kuachana zinaponakiliwa. Tatizo ni kwamba mtambo wa kunakili hukaza DNA iliyo mbele yake. Usiposaidiwa, hukwama.

Msaada ni kimeng'enya jairesi, alichokigundua Martin Gellert na wenzake huko Marekani mwaka 1976. Hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kipande kingine cha DNA kwenye mkato, kisha huunga. Kila tendo hupunguza mizunguko 2 na hugharimu ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Mpinzani wake, topoisomeresi I aliyoigundua James Wang mwaka 1971, hukata uzi mmoja tu na kurudisha mzunguko 1 bila kutumia ATP. Seli husawazisha wawili hawa kwa namna inayonivutia mno: msokoto wa kufungua ukipungua, jeni za jairesi huchapa kazi; ukizidi, ya topoisomeresi I huamka.

Siprofloksasini, antibiotiki iitwayo “sipro” madukani, huinasa jairesi ikiwa imeshakata na haijaunga. DNA hubaki imekatika, bakteria hufa. Seli zetu hazina jairesi. Lakini bakteria akibadili asidi amino moja tu katika sehemu A ya kimeng'enya hicho, dawa hupoteza mshiko, na kuitumia sipro ovyo huwapa nafasi bakteria wa namna hiyo.

Mkoa wa Ruvuma, iliko Mbamba Bay, ndiko mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulikoanzia majaribio mwaka 2003, ili wauzaji wa vijijini wawe na mafunzo. Sipro ni dawa ya cheti. Muuzaji wa Liuli au Lituhi akikuomba cheti nawe huna, usigombane naye. Nenda kituo cha afya ukapimwe.