Mchai Mmoja Katika Mashamba Mengi

Msomaji, ukisafiri kutoka Bomet kwenda Kericho utaona vilima vilivyofunikwa na chai, sawasawa kana kwamba vimenyolewa kwa wembe. Usawa huo wa juu ni kazi ya mikono ya wachumaji. Lakini katika mashamba mengi uko usawa mwingine usioonekana kwa macho: maelfu ya michai unayoitazama asili yake ni mchai mmoja tu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chai ilipandwa Kenya kwanza mwaka 1903, huko Limuru, na mashamba makubwa ya Kericho yakafuata katika miaka ya 1920, juu ya ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Habari hiyo yataka insha yake yenyewe. Siku hizo chai ilioteshwa kwa mbegu, na mbegu, kama mtoto, hurithi huku na huku. Mchai mmoja ulitoa majani tele, na jirani yake ukala mbolea bure.

Mwaka 1951 kituo cha utafiti wa chai kilianzishwa Kericho. Wataalamu walichagua michai iliyo bora, wakakata vipande vifupi vya tawi, kila kimoja na jani lake moja, wakavipanda kitaluni penye kivuli na unyevu mpaka vikatoa mizizi. Mche wa namna hiyo hauna baba wala mama. Ni mti ule ule ulioanza maisha mahali pengine. Wataalamu huuita kloni, neno lililotungwa Marekani mwaka ule ule wa 1903 kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kitawi. Mchai mmoja wa Kericho, usio na jina ila namba 6/8, umeenea hivyo katika mashamba ya wakulima wengi.

Wala usidhani kuwa faida hiyo haina gharama. Watu wa Ireland walitegemea aina chache za viazi, navyo hupandwa kwa vipande vya viazi vyenyewe. Ugonjwa ulipoingia mwaka 1845 haukukuta kizuizi, na njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja. Kwa hiyo namsifu mkulima apandaye kloni tatu au nne mbalimbali kuliko yule ang'oaye zote kwa ajili ya moja.

Mnyama hakatwi tawi. Kazi yake ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1996, huko Scotland, kondoo Dolly alizaliwa kutokana na seli ya kiwele cha kondoo mzima, naye ndiye pekee aliyepatikana katika majaribio 277. Baadaye zamu ilifika Nairobi: alizaliwa Tumaini, ndama dume wa Boran, katika juhudi za kupata ng'ombe wasiouawa na nagana.

Na mwanadamu je? Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa, kwa kura 84 dhidi ya 34, uliyataka mataifa yakataze. Mti haudaiwi kitu kwa kufanana na mti mwingine. Lakini mtoto wa namna hiyo, naona, angezaliwa akidaiwa maisha ya mtu aliyekwisha kuishi. Wakipsigis humwita mtoto mchanga kwa majina ya wazee waliokufa, mpaka apige chafya kwa jina mojawapo. Hata hivyo hawamwachi na jina hilo peke yake. Humpa na la saa yake mwenyewe: Kipkoech, kwa kuwa alizaliwa kulipopambazuka.