Kisakale cha Bibi Yatima na Ushahidi wa Nyaraka: Mfano wa Bisho Jarsa

Koo nyingi za Afrika husimulia habari za mzee wa kwanza ambaye hakuwa na baba wala mama. Husemwa kwamba alikuja akiwa mtoto, kwa njia ya bahari au ya pori, akapokewa na watu asiowajua, akaoa au akaolewa, na wote waliopo leo ni uzao wake. Kisakale cha namna hii huanza pale pale ambapo mwanahistoria angependa kujua zaidi: kabla ya kupokewa, mtoto huyo alikuwa wa nani? Wako wanaodai kwamba swali hili halina jibu, kwa kuwa uyatima ni pazia la kufunikia yaliyosahauliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu laweza kupatikana, na kwamba kupatikana kwake hutegemea sana lugha ambayo mtoto huyo aliulizwa kwayo siku alipoandikwa.

Mfano tutakaoutumia ni wa ukoo wa Neville Alexander, mtaalamu wa lugha na mpigania uhuru wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Cradock mwaka 1936, akafungwa katika kisiwa cha Robben tangu 1964 hata 1974, na kufariki dunia mwaka 2012. Katika utoto wake alimfahamu bibi yake mzaa mama, bikizee ambaye mara kwa mara alinong'ona peke yake maneno ambayo hakuna mjukuu aliyeyaelewa. Watoto walipouliza, mama yao aliwajibu kwamba wasihangaike, kwani bibi alikuwa akizungumza na Mungu. Neville alikuwa amekwisha kuwa kijana alipoambiwa kwamba bibi huyo alitoka Uhabeshi, na kwamba aliletwa kusini baada ya kukombolewa utumwani. Hicho ndicho kisakale cha nyumba ile: bibi yatima, nchi ya mbali, na maneno yaliyoelekezwa kwa Mungu.

Sasa na tuzitazame nyaraka. Mwezi wa Septemba 1888 manowari ya Kiingereza iliyoitwa Osprey, chini ya amri ya Charles Gissing, ilikamata majahazi katika Bahari ya Shamu, karibu na Mokha, yakielekea Uarabuni. Ndani yake walikutwa watumwa 204, walio wengi wakiwa watoto wa Kioromo. Walipelekwa Adeni, na sehemu yao wakakabidhiwa wamisionari wa Kiskoti katika kituo cha Sheikh Othman. Maradhi yaliwaua baadhi yao, na kwa sababu hiyo wamisionari waliamua kuwahamishia mahali penye hewa njema zaidi. Mwaka 1890 watoto 64, wavulana 42 na wasichana 22, walifika katika shule ya Lovedale, katika Koloni ya Rasi. Miongoni mwao alikuwamo msichana aliyeitwa Bisho Jarsa.

Jambo lililowatofautisha watoto hawa na maelfu ya wenzao ni kwamba kila mmoja alihojiwa peke yake, kwa Kioromo, wakiwapo wakalimani waliozaliwa na lugha hiyo. Maswali yalifuata utaratibu mmoja: kwenu ni wapi, baba na mama ni nani, una ndugu wangapi, ulitekwa au uliuzwa na nani, kwa thamani gani, na ulipita njia ipi hata kufika pwani. Kumbukumbu hizo zilikaa miaka mingi bila kushughulikiwa sana, mpaka mwanahistoria Sandra Rowoldt Shell alipozichambua na kutoa kitabu juu yake mwaka 2018.

Habari za Bisho zilizomo humo zinathibitisha kiini cha kisakale. Baba na mama yake walifariki katika wakati wa ukame na maradhi ulioikumba nchi yao kwenye mwaka 1887. Yeye na kaka zake waliachwa chini ya uangalizi wa mtumwa mmoja wa baba yao. Naye, shida ilipozidi, alimwuza binti huyo kwa mahindi kidogo. Baada ya safari ya majuma kadhaa alifika pwani na kupakiwa jahazini. Huko Lovedale alisomea ualimu, kisha akafundisha Cradock, akaolewa na mhubiri Frederick Scheepers. Binti yao Dimbiti, mwalimu kama mama yake, ndiye aliyemzaa Neville.

Hata hivyo nyaraka zinatulazimisha tulipime upya neno yatima. Bisho alikuwa yatima kwa maana kamili ya neno hilo. Lakini baadhi ya wenzake waliwataja wazazi waliokuwa hai siku walipotekwa. Wajukuu wa watoto hao nao wangeweza kusimulia habari za babu yatima, na wasingekuwa waongo. Katika visakale vya ukoo, uyatima mara nyingi ni hali ya kukatwa na jamaa, hata kama jamaa wenyewe wangali hai. Kwa hiyo mtafiti asichukue neno hili kuwa ushahidi wa vifo. Na alichukue kuwa ushahidi wa kutengwa, kisha atafute sababu yake katika vita, njaa, deni au biashara.

Nyaraka nazo zina upungufu wake. Umri wa watoto ulikisiwa. Walioandika walikuwa na haja ya kuonyesha wema wa kazi yao. Watoto waliitwa Wagala, jina ambalo Waoromo wenyewe hawalikubali. Lakini kwa kuwa waliulizwa kwa lugha yao, majina yao hayakupotea. Kwa desturi ya Kioromo jina la pili ni la baba. Basi aliyeandika "Jarsa" aliandika nasaba, hata kama hakukusudia. Neno hilo lenyewe, katika Kioromo, lina maana ya mzee.

Hapa tunaweza kuutazama mwambao wetu. Mji wa Freretown, karibu na Mombasa, ulianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini. Kabla ya hapo Waafrika waliolelewa Nasik, Bara Hindi, walikuwa wamekwisha kufika Rabai. Mmoja wao, William Jones, alikuwa Myao, na mwaka 1885 alitiwa ushemasi pamoja na Ishmael Semler. Jina la William Jones halitupi hata herufi moja ya jina la baba yake. Mtoto aliyeandikwa kwa jina la ubatizo na jina la kabila tu, huyo alifungiwa mlango, na wajukuu wake wakafungiwa naye. Katika hali kama hiyo masimulizi huwa ndiyo hati pekee. Ndiyo maana kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, kina thamani isiyopungua, ijapokuwa kinawasifu mno wakombozi: kimehifadhi kwa Kiswahili yale ambayo mwandishi aliyapokea kutoka kwa baba yake, aliyekuwa mmoja wa waliokombolewa.

Kutokana na mfano huu tunapata mafunzo mawili. La kwanza, mtafiti wa nasaba asianze kwa kuuliza kama kisakale ni kweli au ni uwongo. Aulize kila neno lilihifadhi nini. Katika nyumba ya Cradock jina Dimbiti, ambalo si la Kiingereza wala la Kiafrikaans, lilikuwa hati iliyoishi kinywani mwa watu kila siku, kabla mtu yeyote hajafungua jalada. La pili, kazi hii haiwezekani bila ya ujuzi wa lugha za Kiafrika. Asiyejua Kioromo angalisoma "Bisho Jarsa" na kupita. Na asiyejua Kiyao au Kinyasa atazipita habari nyingi zilizojificha katika majina ya mahali na ya watu wa Freretown na Rabai.

Neville Alexander alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akitetea haki ya watoto wa Afrika ya kufundishwa kwa lugha za mama zao. Hatudai kwamba bibi yake ndiye aliyekuwa chanzo cha kazi hiyo. Twasema tu kwamba maneno aliyoyasikia utotoni bila kuyaelewa yalikuwa Kioromo, lugha ya watu wengi walio hai, wakiwamo Waborana na Waorma wa Kenya. Laiti angalikuwako nyumbani mle mtu mmoja wa kuyafasiri, nyaraka zingalikuja baadaye kuthibitisha tu yale ambayo wajukuu walikwisha kuambiwa na bibi mwenyewe.